Kipedi kinalia, taa ya kijani inawaka, lakini geti halisogei

Swali la msomaji: "Fundi, habari za kazi. Nina geti la umeme la kuteleza, na rimoti zake mbili zinafanya kazi vizuri. Nimenunua kipedi cha namba kisichotumia waya ili nisilazimike kumpa kila mtu rimoti. Nimebadilisha namba ya msimamizi, nimeingiza namba yangu ya siri, kipedi kinalia na taa ya kijani inawaka, lakini geti halisogei hata kidogo. Nataka pia mtu wa usafi awe na namba yake ambayo naweza kuifuta wakati wowote, na baadaye kipedi hichohicho kifungue mlango mdogo wa pembeni wenye kufuli ya sumaku. Nimekosea wapi?"

Hujakosea sana, ndugu yangu. Umefanya nusu ya kazi, na karatasi ya maelekezo huandikwa kana kwamba nusu ya pili kila mtu anaijua toka utotoni. Ile taa ya kijani haikuambii kwamba geti limesikia. Inakuambia kwamba kipedi kimeikubali namba uliyobonyeza, basi. Baada ya hapo kipedi kinarusha ujumbe hewani na kulala, na vingi vya aina hii havina njia yoyote ya kujua kama kuna aliyeupokea. Huku kwenye mota, risiva, yaani kipokezi cha mawimbi, inausikia ujumbe kutoka kwa kifaa ambacho hakijawahi kutambulishwa kwake, inaupuuza.

Kabla hujabonyeza kitu kingine, jiulize swali moja ambalo likishajibiwa mengine yote yananyooka: namba za siri zinahifadhiwa wapi, kwenye kipedi au kwenye risiva?

Kuna vipedi ambavyo vyenyewe ndio bawabu. Namba zote zimo ndani yake. Kinaikagua namba kikiwa pale ukutani, kikiridhika kinarusha utambulisho wake mmoja, uleule kwa kila mtumiaji wa chaneli moja (njia ya kurushia amri, kwa mfano moja ya geti na nyingine ya mlango). Risiva inakijua kama rimoti moja tu. Ongeza watumiaji ishirini, futa kumi, risiva haina habari. Aina nyingine ni mjumbe asiyejua anachokibeba: tarakimu ulizobonyeza zinageuzwa kuwa ujumbe, zinapelekwa, na risiva ndiyo inayoamua kama inazifahamu. Hapo kila namba mpya ni lazima isajiliwe kwenye risiva kama unavyosajili rimoti mpya, na kuifuta namba moja peke yake mara nyingi hakuwezekani bila kufuta zote.

Kuvitofautisha si kazi. Maelekezo yakitaja namba ya msimamizi na nafasi za watumiaji, ni bawabu. Yakikwambia bonyeza kitufe cha mota kisha ingiza tarakimu zozote unazotaka na uthibitishe, ni mjumbe. Wewe umebadilisha namba ya msimamizi, kwa hiyo una bawabu, na kwa hilo la mtu wa usafi ni bahati yako.

Sasa kitambulishe kwa risiva. Kama umeshakifunga ukutani, kibandue. Kazi hii hufanywa kipedi kikiwa mkononi, hatua mbili tatu kutoka kwenye boksi la mota. Ukikaribia mno mawimbi huweza kuizidi nguvu risiva, na ukiwa mbali utakimbizana na muda. Zima umeme wa mota, fungua boksi, angalia nyaya za umeme mkubwa zimepita wapi ili usiziguse, ndipo uwashe tena. Tafuta kitufe kidogo kwenye bodi, au kwenye kijibodi kilichochomekwa juu yake. Mara nyingi kimeandikwa LEARN au PROG na kina taa ndogo pembeni. Kibonyeze mara moja na kukiachia. Taa ikiwaka au ikimeta, una sekunde kama 10 hadi 30. Ingiza namba yako ya siri kwenye kipedi, malizia kwa kitufe cha kuthibitisha. Baadhi ya bodi hutaka uirudie mara ya pili. Taa ya risiva ikibadilisha mtindo wa kumeta au ikizimika, wameshajuana. Subiri kidogo risiva itoke yenyewe kwenye hali ya kusajili, halafu jaribu.

Onyo moja, na nalisisitiza kwa sababu limenigharimu. Kitufe hichohicho ukikishikilia kwa muda mrefu, risiva nyingi huchukulia kwamba unataka kufuta kumbukumbu yote. Miaka yangu ya mwanzo, kwenye jengo lenye wapangaji wengi, nilikishika nikidhani nasubiri taa iwake. Ikawaka kweli, kisha ikazima, na rimoti za jengo zima zikafa. Nilishinda getini hadi usiku nikisajili moja baada ya nyingine kadiri magari yalivyorudi, na hakuna aliyenishukuru. Kwa hiyo uwe na rimoti zote mbili mfukoni kabla hujaanza.

Ikiwa umefuata hayo na taa ya risiva haikubadilika, yaani haijapokea kitu, au ilibadilika lakini geti bado halisogei, kuna mambo matatu ya kuangalia, na la kwanza husahauliwa kwa sababu ni jepesi mno: chaneli. Vipedi vingi vina chaneli mbili au zaidi, na kila mtumiaji hupangiwa chaneli yake unapomsajili. Ikiwa namba yako uliiweka chaneli ya 2 na wakati wa kutambulisha ulitumia namba ya chaneli ya 1, kipedi kinazungumza kwa sauti ambayo risiva haikufundishwa. Kingine, baadhi ya vipedi havirushi kitu mpaka ubonyeze kitufe cha chaneli baada ya namba ya siri. Ile taa ya kijani inakuwa inakusubiri wewe.

La pili ni mawimbi. Geuza kipedi, soma lebo yake, kisha soma ya rimoti iliyokuja na mota. Utakuta megahezi 433.92, au 868, au 315, kutegemea mota ilitengenezwa kwa soko gani. Zisipolingana, hakuna idadi ya majaribio itakayosaidia.

La tatu ndilo linalowaumiza watu, kwa sababu lebo zinalingana na bado hakuna kinachotokea. Kulingana kwa mawimbi ni sawa na watu wawili kusimama kwenye chumba kimoja. Haimaanishi wanazungumza lugha moja. Vifaa rahisi hutumia msimbo usiobadilika. Chipu za aina ya EV1527, kwa mfano, zina utambulisho wa biti 20, zaidi ya milioni 1 ya namba tofauti, lakini kifaa chako kinarusha uleule leo, kesho na mwakani. Vifaa vingine hutumia msimbo unaozunguka: kila ukibonyeza, kihesabuji kinasogea na ujumbe unabadilika, na risiva inakubali tu kilicho mbele ya pale ilipoishia. Risiva ya msimbo unaozunguka ya mtengenezaji mmoja kwa kawaida haielewi kipedi cha mwingine, hata kama wote wako 433.92.

Nikiwa hapohapo niseme hili. Msimbo usiobadilika unaweza kunaswa hewani na kurudiwa na mtu mwenye kifaa kidogo akiwa ameegesha gari karibu, na hapo urefu wa namba yako ya siri haukulindi, kwa sababu anachokinasa ni ujumbe unaotoka baada ya namba kukubaliwa. Msimbo unaozunguka unazuia kurudiwa huko. Sisemi kwamba haushindiki. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kuutoa ufunguo wa mtengenezaji kwenye mfumo maarufu wa KeeLoq, na mwenye ufunguo huo alihitaji kunasa ujumbe mara mbili tu ili kunakili rimoti. Lakini hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vifaa. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua unaozunguka bila kusita.

Unaozunguka una kero yake ndogo. Watoto wanaoijua namba wakikichezea kipedi kikiwa mbali na risiva, kihesabuji kinakwenda mbele huku risiva ikibaki nyuma. Tofauti ikiwa ndogo hutaona chochote. Ikiwa kubwa, jaribio la kwanza litakataliwa na la pili linalofuata papo hapo litakubaliwa, maana risiva imeona jumbe mbili zinazofuatana ikajirekebisha. Sio uharibifu, usiite fundi.

Ukigundua kwamba lugha ni tofauti, usibadilishe bodi ya mota. Tafuta risiva ya nje ya familia moja na kipedi chako, kijiboksi chenye nyaya za umeme upande mmoja na rilei upande wa pili. Kwa kweli hata pale ambapo risiva ya ndani ingekubali, mimi mara nyingi hupendelea hii ya nje. Kipedi kinakuwa na kumbukumbu yake pembeni, na siku ukikosea kufuta, rimoti za gari hazihusiki.

Kuiunga si kugumu. Rilei ni swichi tu: ina ncha ya pamoja iliyoandikwa COM, nyingine NO, inayogusana na COM rilei inapowashwa, na nyingine NC, inayogusana nayo rilei ikiwa imetulia. Kwenye bodi ya mota kuna mahali palipotengwa kwa ajili ya swichi ya kufungulia, mara nyingi pameandikwa START, na pembeni yake ncha ya pamoja. Peleka COM na NO za rilei kwenye hizo mbili. Ncha hizo zinataka kugusanishwa tu. Hazitaki umeme kutoka nje. Ukizipelekea volti 12 au 24 kutoka kwenye adapta ya risiva unaweza kuiunguza bodi, na bodi ndiyo kitu cha gharama zaidi ndani ya boksi lile.

Kisha uiweke rilei kwenye hali ya kugusa na kuachia, kama kengele, kwa nusu sekunde au sekunde moja. Hali nyingine ni ya kubonyeza ikawaka na kubonyeza tena ikazima, kama swichi ya taa, na risiva nyingi hubadilishwa kwa kikofia kidogo cha plastiki kwenye bodi au kwa idadi ya mibonyezo ya kitufe. Ukisahau kulikagua hilo utapata ugonjwa wa ajabu: geti linafunguka vizuri, halijifungi lenyewe, na rimoti zinaonekana kama zimekufa. Hazijafa. Rilei imeshikilia START na bodi nyingi haziwezi kusikia amri nyingine ncha hizo zikiwa bado zimegusanishwa. Ukikuta mtu kaziba macho ya usalama ya geti ili "lifanye kazi", mara nyingi alikuwa anapambana na ugonjwa huu. Macho hayo yaache yalivyo. Ndiyo yanayolizuia geti lisimkute mtoto njiani.

Tuje kwa watumiaji. Namba ya msimamizi inaingia kwenye programu tu. Kwenye vipedi vingi haifungui geti, na hata pale inapofungua usiitumie hivyo, maana kila unapoibonyeza hadharani unaitangaza. Umefanya vizuri kuibadilisha mapema, kwa kuwa namba za kiwandani kama 1234, 0000 na 123456 ndizo mtu yeyote huanza nazo. Kila mtu mpe nafasi yake: wewe nafasi ya 1, familia zinazofuata, mtu wa usafi labda ya 10. Andika kwenye daftari nafasi na jina, bila namba ya siri. Siku ya kufuta utahitaji nafasi tu, na hutalazimika kumuuliza mtu unayemfuta akukumbushe namba yake. Hilo nimeliona likitokea, na lilikuwa jambo la aibu. Ukishafuta, toka nje, hakikisha geti limefungwa, ibonyeze ile namba ya zamani uone kipedi kinaikataa.

Namba yenyewe iwe ya tarakimu 6 kama kipedi kinaruhusu. Tarakimu 4 zinatoa michanganyiko 10,000, tarakimu 6 zinatoa 1,000,000. Lakini hesabu hizo zinadanganya kipedi kikizeeka, kwa sababu vitufe vinavyoguswa kila siku hung'aa au kufutika maandishi. Anayeona vitufe vinne vimechakaa na anajua namba ni ya tarakimu 4, amebakiwa na mipangilio 24 tu. Ajabu ni kwamba ukirudia tarakimu moja, vikachakaa vitatu, mipangilio inapanda hadi 36. Dawa ni kubadilisha namba mara kwa mara ili vitufe vyote vichoke pamoja, na kuwasha ile hali ya kujifunga kipedi kwa muda baada ya makosa kadhaa. Mara nyingi huja ikiwa imezimwa.

Mahali pa kukifunga: vipedi vya redio na chuma havipatani. Ukikibandika juu ya nguzo ya chuma au bati la geti, sehemu kubwa ya nguvu yake inaweza kupotea hapohapo. Weka kipande cha plastiki au mbao nyuma yake, au kihamishie kwenye ukuta wa matofali. Upande wa risiva, angalia ule waya mwembamba unaoning'inia bila kuungwa popote. Hiyo ni antena. Kwa 433.92 urefu wake ni kama sentimita 17, yaani robo ya wimbi. Kwa 868 ni kama sentimita 8.6. Watu huukata wakidhani ni waya uliobaki, au huukunjakunja ndani ili mfuniko ufunge vizuri, kisha wanalalamika kwamba kipedi kinafanya kazi ukikisogeza tu. Unyooshe, utoe nje kupitia tundu dogo, usimame mbali na adapta na taa za LED, ambazo baadhi hupiga kelele nyingi kwenye mawimbi haya. Kama unaziba kingo kwa silikoni dhidi ya mvua, ziba juu na pembeni. Chini acha wazi, maji yakiingia yapate pa kutokea.

Betri ikianza kuchoka, umbali hupungua kabla ya kitu kingine chochote. Taa inawaka, mlio unasikika, geti linasita. Badilisha betri kabla ya kugusa programu yoyote. Vipedi vingi vya sasa hubaki na namba zake hata vikiwa havina betri, ila usiichomoe na kuirudisha huku umeshikilia kitufe, maana kwenye baadhi yake hiyo ndiyo njia ya kukirudisha kilivyotoka kiwandani.

Utasikia fundi akikushauri ununue cha waya eti ni salama zaidi. Inategemea cha waya kipi. Vile vya bei nafuu vina rilei ndani ya kipedi chenyewe, hivyo anayekibandua ukutani anazikuta nyaya mbili nyuma yake, anazigusanisha, anaingia. Chako akikibandua anaondoka na plastiki na betri, kwa sababu swichi iko ndani ya boksi la mota. Hiyo ni faida kubwa, ilimradi siku kikiibwa ukifute kwenye risiva.

Mwisho ni ule mlango mdogo. Mpe chaneli ya 2, na risiva yake, kijiboksi kama kile nilichokitaja, iwe upande wa ndani wa ukuta. Kufuli ya sumaku hufanya kazi kinyume na unavyofikiri: inashika wakati wote umeme unapopita, inaachia unapokatika. Kwa hiyo waya wa chanya kutoka adapta uingie COM na utokee NC, sio NO, na rilei uipe sekunde 5 hivi, mtu apate muda wa kusukuma. Kufuli ya kilo 280 kwa volti 12 hula kiasi cha nusu ampia bila kupumzika, hivyo adapta ndogo iliyokuja na risiva haitoshi. Itapata moto na kufuli itashika kilegevu. Weka pia diodi (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007 sambamba na nyaya mbili za kufuli, upande wenye mstari uelekee chanya, ila kama kufuli yako imekuja nayo ndani acha. Isipokuwepo, kila kufuli inapoachia koili inarudisha mshtuko wa umeme unaochoma ncha za rilei polepole, na baada ya miezi kadhaa rilei inagandana.

Upande wa ndani weka kitufe cha kutokea, na mbali na hicho weka kikato cha dharura kinachokatisha umeme wa kufuli moja kwa moja, bila kupitia risiva wala rilei. Risiva inaweza kuganda, na mlango huu ni wa watu. Ukiweka betri ya akiba ili kufuli ishike umeme ukikatika, kikato hicho kiwe kwenye waya unaokwenda kwenye kufuli yenyewe, baada ya betri. Nimekuta kimefungwa kwenye waya wa adapta, na mtu akikivuta hakuna kinachotokea kwa saa kadhaa kwa sababu betri inaendelea kuilisha kufuli. Siku ukimaliza kufunga, simama ndani, funga mlango, mwombe mtu azime umeme wa nyumba nzima, kisha uvute kikato utoke. Ukishindwa, tatizo lako litakuwa kwenye waya huo.